Karatasi ya Chuo na Karatasi ya Kazi

Hotuba ya mwanachama mmoja wa kikosi cha njia katika mkutano wa tawi, ambao wanachama waliombwa waje pamoja na vijana wao waliomaliza vyuo



Katibu aliponiomba niseme juu ya namna kijana atokaye chuoni anavyoweza kupata kazi na kuianza vizuri, nilimwambia, "Umekosea mtu." Chuo mimi nimekiona kwa nje tu. Nilisoma shule ya misheni mpaka darasa la nane, nikafaulu mtihani, lakini karo ya sekondari haikupatikana nyumbani. Mwaka 2007 nikaingia kibarua cha njia, nikashika koleo na mtaimbo, na leo mimi ni nyapara wa gengi. Katibu akacheka, akasema, "Wenye digrii wamekwisha kuwaambia vijana yao. Wewe waambie yale uyaonayo huko chini kwenye kokoto."

Basi nimekuja kuwaambia hayo, na moja katika hayo ni kosa langu mwenyewe. Nitalisema mbele yenu wote, maana si vizuri mtu kufundisha wenzake huku ameficha deni lake.

KWA NINI JAMBO HILI NI LETU

Najua wako wanachama hapa wanaonung'unika wakisema, "Chama ni cha watu walio kazini. Habari ya wanaotafuta kazi inatuhusu nini?" Ndugu zangu, inatuhusu sana, wala haikuanza leo.

Mwaka 1964, nchi yetu ikiwa ndiyo kwanza imepata uhuru, watu wasio na kazi walikuwa wengi mijini. Serikali, waajiri na vyama vya wafanya kazi wakakaa pamoja wakaandikiana mapatano ya pande tatu. Waajiri wa makampuni waliahidi kuongeza watu kwa asilimia 10, serikali ikaahidi asilimia 15, na vyama vya wafanya kazi vikakubali kwa muda wa mwaka mmoja kutodai nyongeza ya mshahara wala kugoma. Yaani mfanya kazi aliyekuwa na kazi alijinyima ili yule asiye nayo apate. Watu wengi waliandikwa, lakini shida haikuisha, na mwaka 1970 mapatano ya namna hiyo yakafanywa tena.

Kisha mwaka 1972 wakaja wataalamu wa Shirika la Kazi Duniani, wakaandika kitabu kizima juu ya kazi katika Kenya. Jambo moja waliloliona ni hili, kwamba shida ya nchi si wale wasio na kazi peke yao, bali pia wale wengi wanaofanya kazi kwa bidii mchana kutwa na kupata kidogo kisichotosha kuwalisha. Tangu mwaka huo zimepita zaidi ya miaka hamsini, na mtu akikaa na vijana wetu jioni moja atasikia habari hiyo hiyo. Kijana anafanya kazi, anaamka saa kumi na moja, anarudi usiku, lakini ukimwuliza analipwa nini, anatazama chini.

Sasa fikirini, ndugu zangu. Mwajiri akiwa na vijana kumi wenye digrii wanaomfanyia kazi kwa nauli na chakula cha mchana, siku tutakapokwenda kujadiliana naye juu ya mishahara yetu atatuambia nini? Atatuambia, "Hawa hapa wamesoma kuliko ninyi, na hawadai kitu." Kamba inayomfunga kijana ndiyo hiyo hiyo itakayotufunga sisi. Tena hao vijana ni watoto wetu. Ni sisi tuliouza ng'ombe na kuchukua mikopo ya SACCO ili wasome.

HABARI YA DADA YANGU

Mimi mkopo wangu niliuchukua kwa ajili ya dada yangu mdogo. Alisomea uhasibu, akamaliza na diploma mwaka 2019. Tulichinja mbuzi. Mama alidhani kwamba mwezi utakaofuata binti yake ataketi ofisini. Mwaka 2020 korona ikaingia, ofisi zikafungwa, na hata zilipofunguliwa, yeye alikuwa bado anakanyaga lami kutoka mlango mmoja mpaka mwingine.

Alipeleka barua nyingi hata hesabu ikampotea. Siku moja nilimwambia, "Hebu nisomee moja." Akanisomea. Barua ilisema kwamba yeye ni mtu wa bidii, mwaminifu, mwenye kupenda kujifunza, na anaweza kufanya kazi bila kusimamiwa. Nikamwuliza, "Je, kama ungekuwa wewe ndiwe nyapara, na watu mia moja wakuandikie maneno haya haya, ungemchukua nani?" Akanyamaza. Nikamwambia, "Mtu akija kwenye gengi langu akaniambia ana bidii, mimi sisikii kitu. Akiniambia, 'Nimebadilisha mataruma miezi mitatu, na najua kushindilia kokoto,' nampa mtaimbo nimwone."

Akasema, "Lakini kaka, mimi sijafanya kazi popote." Hapo ndipo alipokosea, na vijana wengi wanakosea vivyo hivyo. Dada yangu kwa muda wa miezi kumi na minne alikuwa ameandika vitabu vya kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopeshana, kikundi cha watu thelathini na wawili. Yeye ndiye aliyegundua kwamba fedha za faini zilikuwa zikiingizwa mara mbili, akavipanga vitabu upya, na ugomvi ukaisha. Hakuona kwamba hiyo ni kazi, kwa sababu hakulipwa mshahara wala hakukaa mezani. Tukaandika barua nyingine fupi. Ilisema ameandika vitabu vya nani, kwa muda gani, alirekebisha nini, na ni nani anaweza kuulizwa.

Mama mmoja wa kikundi hicho hupeleka maziwa katika chama cha ushirika. Akasikia kwamba wanahitaji karani, akaja kumwambia. Dada yangu akapeleka barua yake mwenyewe kwa mkono, akaitwa, akaulizwa maswali, akaandikwa. Hakuanza na hesabu. Alianza na kupokea maziwa alfajiri, kupima na kuandika kilo za kila mkulima, baridi ikimpiga. Jirani wakasema, "Diploma ya kupima maziwa!" Lakini alikuwa na barua ya kazi mkononi, na kila siku alikuwa akiona namna fedha za ushirika zinavyotoka kwenye mtungi mpaka kwenye kitabu. Baada ya mwaka mmoja karani wa hesabu alipoondoka, hawakutafuta mtu wa nje. Walijua yupo anayejua kazi tangu mlangoni. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini akumbuke kwamba kuinama si kulala chini ukanyagwe.

Vijana, yashikeni mambo matatu katika habari hiyo.

La kwanza, andikeni mlichokifanya, hata kama kilikuwa kidogo. Kama wakati wa mazoezi ya kazi, yale mnayoyaita atachimenti, ulitengeneza pampu, taja pampu. Kama ulimfundisha mtoto wa jirani hesabu akapanda, hiyo pia ni kazi.

La pili, semeni na watu walio kazini. Wengi mnasema kazi ni kujuana tu, na mnakata tamaa. Ni kweli uko ujuano mbaya, ule wa kumpa mtoto wa ndugu nafasi ya mtu mwingine, na huo chama kinaupinga. Lakini upo na ujuano mzuri, wa mtu aliyekuona ukifanya kazi akaweza kusema, "Huyu namjua, hufika mapema, wala hadanganyi." Huo haununuliwi. Hujengwa kwa siku nyingi. Usiondoke mahali ulipofanyia mazoezi ya kazi bila kumwaga fundi aliyekufundisha na kuchukua namba yake.

La tatu, msinunue kazi. Kabla ya ushirika, dada yangu alipata ujumbe kwenye simu kwamba amechaguliwa, ila atume kwanza shilingi 3,000 za kupimwa na daktari. Tulituma. Simu ikazimwa, na mpaka leo haijawashwa. Nilikasirika sana, kisha nikaona aibu, maana mimi ndimi niliyetoa fedha hizo. Anayekuuzia kazi hana kazi ya kukupa. Mwajiri wa kweli ndiye anayemlipa mfanya kazi, si mfanya kazi anayemlipa mwajiri.

HABARI YA KIJANA WA GENGI LETU

Sasa nafika kwenye deni langu.

Miaka michache iliyopita tulikuwa na kazi ya kutengeneza njia upande wa Bonde la Ufa, na sehemu ya kazi hiyo ilipewa mkandarasi. Huyo mkandarasi akaleta kijana mmoja aliyekuwa na digrii ya uhandisi, mwaka mmoja tangu amalize chuo kikuu. Akaambiwa afanye kazi pamoja na gengi letu ili "apate ujuzi". Alikuja na viatu vya raba na shati jeupe.

Nitasema kweli, tulimcheka. Siku ya kwanza mmoja wetu alimpa mtaimbo akasema, "Injinia, tuonyeshe walivyokufundisha." Akaushika vibaya, akajigonga, tukacheka tena. Yeye hakukasirika. Alirudi kesho yake, na kesho kutwa.

Baada ya wiki mbili tukafika kwenye kona moja ambayo kila mara hutusumbua. Kijana akatoa daftari, akapiga hesabu, akatueleza kwa nini reli ya nje hunyanyuliwa kuliko ya ndani, na kwa nini kipimo kinategemea mwendo wa gari na ukali wa kona. Mimi nimeinyanyua reli ya nje tangu mwaka 2007, na kipimo nilipewa na mkubwa wangu, lakini hakuna aliyewahi kunieleza sababu. Siku hiyo nililala nikiwa na furaha kama mtoto wa shule. Na sisi tukamfundisha yetu. Tulimfundisha kupiga magoti, kuweka jicho juu ya reli na kuiona mahali ilipobonyea kabla ya kipimo chochote. Tulimfundisha asikanyage juu ya reli, asinyanyue kitu kizito mpaka wote wameitikia, na asiamini kwamba njia ni tupu kwa sababu tu haoni gari.

Mwezi wa kwanza ukaisha, wa pili ukaisha. Alikuwa akitumiwa fedha za nauli na chakula kwa simu, basi. Barua ya kazi aliambiwa itakuja mwezi ujao. Mwezi wa tatu akanijia jioni tukikusanya vyombo, akaniuliza, "Mkubwa, unaonaje, niwaulize tena habari ya barua? Au watanifukuza?"

Ndugu zangu, nilimjibu hivi: "Wewe bado mgeni. Funga mdomo, fanya kazi, barua itakuja yenyewe."

Nilidhani nimempa busara. Nilisema hivyo kwa sababu na mimi niliambiwa hivyo nilipoanza, nikakaa kibarua miaka bila karatasi, nikavumilia. Nikaona kwa kuwa mimi nilipita katika shida hiyo, basi ndiyo njia ya kila mtu. Kumbe nilikuwa namrithisha shida yangu.

Mwezi wa tano tulikuwa tukibadilisha mataruma ya chuma. Taruma moja likateleza, likamwangukia mguu. Viatu vyake vilikuwa vile vile vya raba. Tukambeba mpaka barabarani, tukapata gari, tukamfikisha hospitali, na daktari akasema mifupa miwili imevunjika. Jioni nikampigia msimamizi wa mkandarasi. Akanijibu bila hata kusita, "Huyo hayumo katika vitabu vyetu. Ni mwanafunzi tu, alikuja kujifunza."

Miezi mitano ya kazi, na hayumo katika vitabu!

Lakini alikuwamo katika kitabu kimoja. Mwalimu wangu wa misheni alitufundisha kwamba kabla ya kulala mtu aandike amefanya nini siku hiyo. Wengine waliacha, mimi sikuacha. Katika daftari langu nilikuwa nimeandika kila siku nani alikuja kazini, tulifanya kazi mahali gani, na saa ngapi tuliacha. Jina la kijana lilikuwamo tangu siku ya viatu vya raba. Na katika simu yake kulikuwa na jumbe zote za fedha alizotumiwa, zenye jina la mtumaji na tarehe. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na mimi naongeza kwamba hata jasho ni mali.

Katibu wetu wa tawi alizichukua karatasi hizo na nakala ya jumbe akaenda na kijana, akitembea kwa magongo, mpaka kwa afisa wa kazi. Walikaa vikao vitatu. Mwisho mkandarasi akalipa gharama za hospitali na mshahara wa miezi mitano. Hakumpa kazi tena. Leo kijana huyo ana kazi katika kaunti nyingine, kazi yenye barua, lakini wakati wa baridi huchechemea. Kila nionapo mvua nakumbuka jibu nililompa.

SHERIA INASEMA NINI

Baada ya hapo nilimwomba Katibu anisomee sheria, nami nikaandika katika daftari langu. Nawasomea kwa maneno ya kawaida, ili kijana asije akaambiwa tena "funga mdomo" na mtu asiyejua, kama nilivyokuwa mimi.

1. Kazi ya miezi mitatu au zaidi lazima iwe na mkataba wa maandishi. Hii ni Sheria ya Ajira ya mwaka 2007. Tena anayepaswa kuandika mkataba huo ni mwajiri, si wewe. Kwa hiyo ukiuliza barua yako huombi zawadi. Unamkumbusha mwajiri wajibu wake.

2. Mwajiri akishindwa kuutoa mkataba huo mbele ya mahakama, mzigo wa kuthibitisha masharti yanayobishaniwa unakuwa juu yake. Kwa hiyo kukosa karatasi hakumaanishi kwamba umekosa haki. Lakini weka daftari lako, na jumbe zako usizifute.

3. Kipindi cha kujaribiwa hakiwezi kuzidi miezi sita. Kinaweza kuongezwa kwa muda usiozidi miezi sita mingine, ila ni kwa kukubali kwako. Mtu anayekuambia mwaka wa pili kwamba bado anakujaribu, huyo anakuchezea.

4. Kibarua anayefanya kazi siku mfululizo zinazotimia mwezi mmoja au zaidi, au anayepewa kazi isiyoweza kwisha katika miezi mitatu, sheria haimhesabu tena kuwa mtu wa siku kwa siku. Anahesabiwa kama mtu wa mwezi, naye anastahili haki za mtu wa mwezi.

5. Mshahara ulipwe pamoja na karatasi inayoonyesha umepata nini na umekatwa nini. Likizo kwa mwaka isipungue siku 21 za kazi, kwa mshahara kamili. Na ukiondoka baada ya kufanya kazi wiki nne mfululizo au zaidi, una haki ya kupewa cheti cha kuonyesha ulifanya kazi hapo. Kidai cheti hicho, maana ndicho kitakachokusaidia kupata kazi ya pili.

6. Sheria ya mafao ya majeraha kazini, nayo ya mwaka 2007, inamtaka mwajiri awe na bima kwa ajili ya wafanya kazi wake. Usishike chombo cha hatari kabla ya kupewa viatu, glavu na kofia.

7. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 41, inampa kila mfanya kazi haki ya ujira wa haki, ya hali nzuri ya kazi, na ya kujiunga na chama. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba haki hiyo huanza baada ya miaka mitano, au baada ya nywele kuwa nyeupe.

Mtaniuliza, "Tukidai barua si tutafukuzwa, na nje wamejaa wengine?" Swali hilo ni la haki, wala sitawadanganya kwamba hakuna anayefukuzwa. Ndiyo sababu nasema usiende peke yako kama alivyotaka kwenda yule kijana. Uliza kwa adabu, mara ya kwanza kwa mdomo, mara ya pili kwa ujumbe wa maandishi ubaki kwenye simu. Ikiwa hakuna jibu, mtafute mwakilishi wa chama hapo kazini. Yeye kazi yake ni kuuliza, na akiuliza anauliza kwa niaba ya wengi. Mwajiri huona rahisi kumfukuza mtu mmoja anayeuliza. Kulifukuza gengi zima ni kazi nyingine.

Na ninyi vijana, barua ikishapatikana, fanyeni kazi. Chama hakikumtetea yule kijana kwa sababu alikuwa na digrii. Kilimtetea kwa sababu daftari langu lilionyesha kwamba hakukosa siku hata moja. Fika kabla ya saa. Usiseme unajua kama hujui, kwa maana huku relini neno "najua" la uongo huweza kuua watu. Kuuliza si ujinga. Mzee asiyejua kuandika jina lake anaweza kuwa ndiye ajuaye kwa nini mashine ile hulia hivyo. Na ukipata mshahara wa kwanza, kabla ya kununua simu kubwa, kumbuka mkopo wa masomo wa HELB, kumbuka aliyeuza ng'ombe, na weka kidogo katika ushirika.

NENO KWA WAZEE WA KAZI

Wazee, nanyi pia nina neno nanyi, mniwie radhi kwa kuwa wengine mlinifundisha mimi kazi.

Tuache kuwacheka. Tunapomcheka kijana mwenye shati jeupe tunafurahi dakika moja, lakini tunamwonyesha kwamba sisi na yeye si kitu kimoja. Siku atakapopanda akawa mkubwa wetu, na wengi watapanda, atakumbuka kicheko au atakumbuka kwamba tulimfundisha kuiona reli kwa jicho. Na vile vile, wakati utakapofika wa sisi kudai haki, atasimama upande upi?

Tuache na tabia ya kuficha ujuzi kwa hofu kwamba kijana atachukua nafasi yetu. Nafasi zetu hazichukuliwi na vijana wanaojua kazi. Huchukuliwa na kazi ya bure. Kijana mwenye mkataba na mshahara kamili hawezi kutumiwa kama fimbo ya kutupigia. Asiye na mkataba anaweza, hata kama yeye mwenyewe hapendi.

Na kama yuko mmoja wetu anayepokea chochote kwa kijana ili amwonyeshe mlango wa kazi, namwomba aache leo. Fedha hiyo imetoka katika mkopo wa mzazi kama wewe.

OMBI LANGU KWA TAWI

Ndugu Mwenyekiti, sikuja kusema maneno matupu. Nina ombi, na nataka liandikwe katika kumbukumbu za mkutano.

Naomba tawi litenge Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, saa nne mpaka saa saba, meza moja hapa ofisini. Kijana yeyote, awe mwanachama au asiwe bado mwanachama, aje na barua yake ya kazi asomewe na kuelezwa kabla hajaweka sahihi. Asiye na barua aje aseme amefanya kazi siku ngapi na wapi, tumwandikie. Anayetafuta kazi aje na barua yake ya kuomba, tumsaidie kuandika alichokifanya kwa mkono wake. Haitagharimu tawi fedha ila chai. Watu wa kukaa mezani tunao. Mimi nimejitolea kwa Jumamosi ya kwanza, na dada yangu amekubali kuja kuangalia hesabu za mishahara na makato.

Na kila nyapara na kila fundi aliye hapa, naomba aende na swali moja tu. Kesho akiona sura mpya kazini, baada ya kumsalimu, amwulize, "Kijana, umepewa karatasi?" Akisema bado, tusimwambie avumilie. Tumwambie, "Njoo twende tukaulize."

Chuo kimewapa vijana karatasi yao. Karatasi ya pili, ile ya kazi, hawawezi kuipata peke yao, na sisi tuliopo ndani ndio tuliosimama karibu na mlango. Mimi nilisimama pale mlangoni jioni ile nikamrudisha kijana wa watu. Sitaki kumrudisha mwingine.

 Umoja ni nguvu.